Manzese kamera ruksa, Masaki futa picha!

Leo siasa tunaiweka pembeni kidogo, ingawa huko mbele mtaona haikwepeki. Nataka tuongelee kamera.

Jumanne ya wiki ile nilisimamishwa Masaki, Barabara ya Chole, na mlinzi wa geti moja. Nilikuwa nimesimama barabarani, barabara ya umma, sijagusa ukuta wa mtu. Kijana mmoja mtunza bustani alikuwa anapita na majibwa mawili makubwa ya bosi wake. Mbwa wana mikanda ya ngozi inang'aa, yeye kandambili moja imefungwa kwa waya. Nikapiga. Mara nasikia, "We dogo! Futa hiyo." Nikajifanya sijasikia. "Bwana mdogo, nimesema futa, mbele yangu." Nikafuta. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nikabonyeza kitufe siko.

Nikiwa narudi Mbagala nikawa najiuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike. Mbona Manzese sijawahi kuambiwa futa?

Kwa wasionijua, nimemaliza kidato cha nne, chuo sijaenda, napiga picha kwa kamera ya mtumba niliyonunua Kariakoo kwa kudunduliza. Walimu wangu ni video ninazotazama kafe kwa kulipia nusu saa nusu saa. Na ukijifunza upigaji picha wa mtaani kwa njia hiyo, somo utakalokutana nalo kila kona ni hili: toka mahali ulipopazoea. Nenda usikojulikana. Sogea karibu. Ukiwa huogopi, hukui. Jamaa wote wanasema hivyo, awe wa New York, awe wa London, awe wa Tokyo.

Sibishi kwamba kuna ukweli. Mtaani kwetu nilikuwa napiga watoto wanacheza mpira, bibi anachambua mchele, fundi cherehani, basi. Kila mtu ananijua, wakiona kamera wanapozi. Picha zikawa kama za kitambulisho. Ukienda usikozoea macho yanaamka yenyewe, unaona vitu ambavyo wenyeji wameshaacha kuviona. Hilo nalikubali kabisa.

Tatizo ni kwamba ushauri ule hausemi UELEKEE WAPI. Waliotunga wengi ni watu wa nchi tajiri. Kwao mahali pasipozoeleka maana yake ni mitaa ya maskini, au ndege mpaka nchi za kwetu. Mtu anashuka uwanjani, kesho yake yuko Tandale anapiga mtoto mwenye kamasi, anaandika amejifunza ujasiri. Sisi nasi tukaumeza ushauri bila kutafuna. Mimi mtoto wa Mbagala, nikitaka kujipa mazoezi ya woga, nilikuwa nakwenda wapi? Manzese. Tandale. Vingunguti. Yaani natoka uswazi naingia uswazi nyingine, halafu najiita jasiri!

Siku ile ya Masaki nilipofika nyumbani nikahesabu. Kwenye memori kadi na simu nilikuwa na picha 212 ambazo niliziona za maana. Picha 190 na ushee ni uswazi. Feri na Kariakoo zinajaza zilizobaki. Za ushuani zilikuwa 3, na mbili kati ya hizo ni bahari. Sasa na wewe msomaji fungua kurasa za wapiga picha wa mtaani unaowapenda, hesabu, halafu uje uniambie.

Haya, nianze na Feri maana ndiko nilikopata somo la kwanza, na sikulipata kwa mwalimu wa video.

Nilikwenda kama saa nne asubuhi. Kuna mama mmoja muuza samaki alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono shavuni, moshi wa wakaangaji unapita nyuma yake, jua linapenya. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Nikaishusha kamera usawa wa kiuno nikajifanya naangalia kwingine, nikapiga kama nne. Ule ujanja wa kwenye video. Akanyanyua kichwa.

"Wewe mwanangu, umenipiga picha?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, umenipiga picha?"

Nikasema ndiyo. Nikategemea matusi, hakutukana. Akasema taratibu tu, kwamba juzi kapita mzungu kapiga, wiki iliyopita kuna vijana wa chuo walipiga, leo mimi. "Kila mtu ananikuta nimekaa hapa nimechoka. Mmekubaliana? Njoo saa kumi na moja alfajiri unione mnadani navyogombania vibua na wanaume. Hapo huji, kwa sababu umelala."

Wadau, ile ilinichoma kuliko "futa" ya Masaki. Maana alikuwa kanisoma vizuri. Mimi nilichokuwa nakitafuta ni uchovu wake. Picha nilikuwa nayo kichwani kabla sijashuka kwenye daladala, nilikwenda tu kutafuta mtu wa kuijazia.

Nilirudi. Sio kesho yake, niliogopa, ilinichukua siku tisa. Nikatoka nyumbani saa tisa na nusu usiku, giza, mbwa wa mtaani wananisindikiza, kamera nimeificha ndani ya mfuko wa rambo na kuifunika na kitenge cha bi mkubwa. Kufika mnadani nikawa sina thamani yoyote, watu wanapita na ndoo na matenga, ukizubaa unasukumwa, maji ya samaki yanaingia kwenye viatu. Yule mama hakuniamkia wala hakuninunia, alikuwa kazini. Anapandisha bei kwa kidole. Dalali anaita, wanaume watatu wamemzunguka, yeye kidole kimoja juu, macho yamekaza kama mtu anayepiga penalti. Nikapiga hiyo nikiwa mbele yake, anaiona kamera, hana habari nayo.

Baadaye akaomba nimuonyeshe. Akacheka, akasema nimtumie WhatsApp awatumie wateja wake wa Kigamboni waone kwamba mzigo anaununua mwenyewe. Nikamuuliza kama naweza kuiweka mtandaoni. Akajitazama tena, akasema hapana, hajajitanda vizuri, shingo iko wazi, mume wake hatapenda. Kwa hiyo hamtaiona. Ni picha yangu bora ya mwaka na imekaa kwenye simu ya watu wawili tu. Iliniuma, inaniuma hata sasa, sitadanganya.

Hapo ndipo nilipoanza kutofautisha. Kuna shida unayobeba mwenyewe, ya kuamka, kuogopa, kusukumwa, kuulizwa umetoka wapi na wewe kujibu. Na kuna shida unayomtwisha mwenzio: unamvizia, unamwacha na aibu yake, unaondoka na picha. Za mtandaoni zimechanganywa zote kwenye neno moja, ujasiri. Bruce Gilden wa New York alipata jina kwa kuwarukia wapita njia na kuwapiga flashi karibu na uso. Wapo wanaomhusudu. Kwa kweli picha zake zina nguvu, sikatai, lakini ukizitazama nyingi mfululizo unajiuliza anayepata taabu pale ni nani.

Sasa turudi Masaki, maana ndiko kwenye uchambuzi wenyewe.

Kwa nini kule wanaweza kusema futa? Jibu jepesi ni ukuta na mlinzi. Maisha ya Manzese yako nje. Watu wanapikia nje, wanafulia nje, wanasukana nywele barazani, wanagombana nje, wanazika kwa turubai katikati ya njia. Kwa hiyo mtu wa kule faragha yake ndiyo hiyo hiyo barabara yetu ya umma. Maisha ya Masaki yamejengewa ukuta wa futi kumi na juu kuna nyaya za umeme. Sheria inayosema "barabarani piga" inaonekana ni sawa kwa wote, lakini mmoja inamkuta sebuleni kwake na mwingine inamkuta akiwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi.

Na kwenye sheria kuna mambo mapya ambayo vijana wengi wenye kamera hatujayasoma. Katiba yetu ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, na ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa maoni na kutafuta habari. Hizo mbili zimekaa jirani na hazijawahi kuwa marafiki. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Aprili 3, 2024. Sura ya mtu anayetambulika, nayo ni taarifa yake.

Majirani zetu Kenya wametutangulia, sheria yao ni ya 2019, na faini zimeshaanza kuuma. Desemba 2022 kampuni moja ya simu ilipigwa faini ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa kutumia picha ya mtu Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 ukumbi mmoja wa starehe Nairobi ukatwangwa shilingi 1,850,000 kwa kurusha picha ya mteja aliyekuja kujirusha. Siku hiyo hiyo shule moja ikapigwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Nasikia mtu anasema, safi sana, wanyonge wamepata mtetezi. Subiri kwanza. Hizo zote ni biashara zilizotumia sura za watu kujitangaza, sio kijana anayezunguka na kamera. Sheria ile ile ya Kenya imeacha mlango kwa kazi za habari na za sanaa, ikiwa zina maslahi kwa umma. Kwa hiyo msitishane bure. Ila angalieni waliolalamika. Mteja wa ukumbi wa starehe. Wazazi wanaolipa ada. Mtu anayejua ofisi iko wapi, fomu inajazwaje. Mama wa Feri kapigwa na mzungu juzi, picha iko kwenye ukurasa wa mtu huko Ulaya, ataanzia wapi? Hata jina la aliyempiga hajui.

Marekani wao wameegemea upande wa pili kabisa. Kuna mpiga picha anaitwa Philip-Lorca diCorcia, alitega taa pale Times Square akawa anapiga wapita njia bila wao kujua, picha zikauzwa kwa dola nyingi. Mzee mmoja wa dini ya Kiyahudi akajiona, akaenda mahakamani kwa sababu imani yake inamkataza. Mwaka 2006 mahakama ya New York ikasema ile ni sanaa, mzee akashindwa. Hao ndio wanaotufundisha kwenye video! Wanasema "usiombe ruhusa" kwa sababu kwao mahakama ilishasema. Ukiyabeba yale maneno mazima mazima mpaka Kariakoo utakuja kupigwa ngumi, na nitakuwa upande wa aliyekupiga.

Sasa kile nilichosema hakikwepeki. Kuanzia siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, Dar tukawekewa amri ya kutotembea usiku. Iliporudi, simu zetu zikaingia ujumbe wa polisi wa kuonya kuhusu kusambaza picha na video za kuleta taharuki. Siingii zaidi ya hapo, kila mmoja ana yake aliyoyaona. Ninachosema ni kwamba tangu wakati ule kamera imekuwa nzito shingoni. Zamani ukiitoa kituoni watoto wanakuja "nipige nipige". Sasa hivi kuna vituo ukiitoa watu wazima wanageuza uso, na mwingine anakuuliza "umetumwa na nani?" Na siwalaumu. Mtu hajui wewe ni mjifunzaji wa mwanga na vivuli au ni mtu wa kuja kumtambua.

Ndiyo maana neno hili la kutoka mahali ulipozoea nikilisikia kwa mtu wa nje huwa nacheka kidogo. Hapa kwetu Daudi Mwangosi aliuawa Septemba 2, 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Mohamed Amin, yule aliyekulia hapa Dar na kuanzisha Camerapix hapa hapa mwaka 1963, mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko Addis Ababa. Walikwenda kule wakijua hatari ni yao wao wenyewe. Mimi na kandambili zangu Chole Road sijifananishi nao hata kidogo, msije mkanisema.

Anayenifaa mimi ni mwingine, yaya. Vivian Maier alifanya kazi ya kulea watoto wa watu Chicago, miaka na miaka, na kila alipotoka kutembea kamera ilikuwa shingoni. Alikufa 2009 hajulikani kabisa. Picha zake zilikuwa zimeanza kupatikana mwaka 2007, mnadani, baada ya vitu vyake kuuzwa kwa kushindwa kulipia stoo. Zaidi ya picha laki moja! Alipiga walevi na ombaomba, ndiyo, lakini pia alipiga kinamama matajiri wenye makoti ya manyoya, wanamtazama kwa jicho la "huyu naye ni nani?" Mfanyakazi wa ndani anawatazama wenye nyumba na anawaona vizuri. Hilo ndilo nililokuwa nalikosa. Sikuwa nakosa ujasiri wa kwenda Tandale. Nilikuwa nakosa ujasiri wa kwenda kusimama mahali ambapo mimi ndiye wa chini.

Dada zetu wanaopiga picha mtaani wao wana habari nyingine kabisa, ya kushikwa mkono na kuitwa majina. Hiyo waandike wenyewe, mimi nitakosea.

Basi nikarudi Masaki. Mara ya pili bila kamera, nimevaa shati la kupiga pasi, sijui nilifikiri shati litasaidia nini. Yule mlinzi alikuwa zamu. Nikamsalimia, nikamwambia kaka, mimi ndiye wa ile siku. Akacheka. Tukapiga stori mpaka muuza kahawa akapita, nikamnunulia na kashata. Kumbe anakaa Charambe! Jirani kabisa, tunatumia kituo kimoja. Anaamka saa tisa usiku ili saa kumi na mbili awe getini. Akanieleza kwamba siku ile hakuwa na tatizo na picha, kwenye geti kuna kamera ya bosi inamtazama yeye, na asiponifukuza anaulizwa.

Hilo nililifikiria usiku mzima. Mtu wa Mbagala analipwa kumzuia mtu mwingine wa Mbagala asiangalie, na yeye mwenyewe anapigwa picha masaa kumi na mbili kwa siku na mtu ambaye hajawahi kumuomba ruhusa. Sijui ile Tume mpya inasemaje kuhusu kamera za mageti. Mwenye ujuzi wa sheria atusaidie hapo chini kwenye maoni.

Nikamuuliza kama naweza kumpiga. Akakataa, mkataba wao hauruhusu. "Ila dogo, barabara sio ya bosi wangu. Simama ng'ambo kule, kwenye ule mwarobaini, geti lisionekane, hakuna atakayekugusa."

Nimeshakwenda mara nne. Kutoka pale kwenye mwarobaini jioni unawaona dada wa kazi wakitoka mmoja mmoja kwenye mageti, wamebadilisha nguo, wanapaka mafuta midomoni wakiwa wanatembea. Unaona mafundi bomba. Unaona watoto wa kizungu na baiskeli na yaya nyuma anakimbia na maji. Mama mmoja tajiri alisimamisha gari, akashusha kioo, akaniuliza napiga nini. Magoti yalilegea. Nikamwambia napiga watu wakitoka kazini. Akasema, "Hata mimi natoka kazini." Nikamuomba, akakubali, nikampiga akiwa kwenye usukani, kaegemeza kichwa, amechoka haswa. Mkono shavuni.

Ndiyo, mkono shavuni. Sikumpanga.

Huyo kaniruhusu kuiweka, na nimemsomea kabisa nitakachoandika chini yake. Za dada wa kazi nimepata ruhusa mbili kati ya saba nilizoomba, watano wamesema mabosi watawaona. Picha zitapanda Jumapili nikipata pesa ya kafe. Na yule kijana wa mbwa bado namtafuta, nasikia amehamishiwa nyumba nyingine upande wa Toure Drive. Mwenye kumfahamu amwambie ile picha yake niliifuta lakini nataka kuongea naye.